Bima ya safari kwa matembezi ya meli: uzoefu wangu na niliyonunua Kisumu

Nimetumia bima ya safari iliyonunuliwa Kisumu kwa matembezi ya meli ya kitalii katika Bahari ya Mediterania. Kampuni yenyewe ina mipango kadhaa, na tathmini yangu ni kwamba ule wa dunia nzima unafaa kwa meli, ule wa Ulaya haufai. Ukiingia ofisi za bima za Barabara ya Oginga Odinga utapewa wa Ulaya kwanza, kwa sababu ndio unaoombwa na kila anayetafuta viza ya Schengen, yaani viza moja ya kuingilia nchi nyingi za Ulaya. Ubalozi unataka bima ya matibabu isiyopungua yuro 30,000, inayokubalika nchi zote za Schengen kwa siku zote za safari, na inayogharamia kumrudisha nyumbani mgonjwa au maiti. Cheti kikitimiza hayo, afisa wa viza ameridhika. Abiria wa meli ana mahitaji mengine, na hayo hayamo kwenye cheti.

Chukua ratiba ya meli uipitie bandari kwa bandari. Barcelona, Marseille na Genoa ziko ndani ya Schengen. Meli ikitia nanga Tunis, au Kuşadası kule Uturuki, umeshatoka, na bima iliyoandikwa "nchi za Schengen" imekuacha hapo. (Viza nayo iwe ya kuingia zaidi ya mara moja, la sivyo hutaruhusiwa kurudi.) Halafu kuna bahari kuu. Meli nyingi za kitalii zimesajiliwa Bahamas, Panama au Malta, na ukiwa katikati ya maji haupo ndani ya nchi yoyote iliyotajwa kwenye cheti chako. Muulize ajenti kwa barua pepe: nikitibiwa na daktari wa meli tukiwa bahari kuu, mtalipa? Jibu la mdomo usilikubali. Mimi ilibidi nimkumbushe ajenti ndipo jibu likaja kwa maandishi.

Zahanati ya meli ndiyo inayowashangaza watu wengi. Ina daktari, wauguzi, oksijeni, mashine ya kupima moyo, na mara nyingi eksirei. Inaweza kumtuliza mgonjwa lakini haifanyi upasuaji mkubwa. Kila huduma ina bei yake: kumwona daktari, dripu, kipimo cha damu, na usiku bei hupanda. Bili inaingia kwenye akaunti yako ya meli pamoja na soda na kahawa, na mwisho wa safari kadi yako inakatwa. Meli haingoji kampuni ya bima. Unalipa wewe, kisha unadai. Kwa hiyo kabla ya kuondoka iambie benki yako ikuongezee kikomo cha matumizi ya nje ya nchi, maana kadi ikikataa pale mapokezi, bima nzuri iliyo mfukoni haikusaidii saa hiyo.

Kabla hujashuka melini, dai karatasi tatu: ripoti ya daktari yenye jina la ugonjwa na saa uliyoonwa, bili inayotaja kila huduma na bei yake, na risiti ya malipo. Taarifa ya akaunti yenye mstari mmoja tu, "matibabu", itarudishwa na watu wa madai. Kuiandikia kampuni ya meli ukiwa umesharudi nyumbani ni usumbufu mkubwa.

Kwa sisi wa kanda ya ziwa kuna jambo ambalo vipeperushi havisemi. Malaria kali ya falsiparamu kwa kawaida hujitokeza siku 7 hadi 14 baada ya kuumwa na mbu, wakati mwingine zaidi. Aliyeumwa Siaya, Busia au Nyalenda hapa mjini anaweza kupandwa na homa siku ya nne baharini, mbele ya daktari aliyezoea wazee wa moyo na kuhara kwa norovirusi. Neno la kwanza kumwambia liwe: ninatoka eneo lenye malaria, naomba nipimwe. Halafu soma kwenye bima yako maana ya "ugonjwa uliokuwepo kabla". Aliyetibiwa malaria wiki chache kabla ya safari anaweza kuambiwa kwamba homa mpya ni ile ya zamani. Kampuni niliyonunua kwayo ilijibu kwa maandishi kwamba maambukizi mapya ni ugonjwa wa ghafla na yanalipwa. Katika huduma yao yote, hilo ndilo ninalolisifu zaidi.

Presha, kisukari, pumu na selimundu, ambayo iko katika familia nyingi za huku magharibi, zitaje kwenye fomu hata kama bei itapanda. Dai likiwa kubwa, kampuni huomba faili ya hospitali kabla ya kulipa, na kilichofichwa kinaonekana. Ukimpeleka mama au baba, uliza kikomo cha umri: kuna mipango inayopunguza kiwango cha matibabu kwa wazee bila kuandika hilo kwenye ukurasa wa kwanza. Mjamzito naye asinunue chochote kabla ya kuuliza meli yenyewe, maana kampuni nyingi za meli hazimpandishi aliyefika wiki ya 24.

Sasa usafirishaji wa mgonjwa, ambao ndio wa kuuma mfuko. Kutolewa melini na kurudishwa Kenya ni gharama mbili tofauti. Helikopta haiendi mbali sana na pwani, kwa hiyo mara nyingi nahodha hubadili njia au mgonjwa hushushwa bandari inayofuata. Kutoka hapo, kurudi nyumbani kwa ndege yenye muuguzi au machela kunaweza kufika makumi ya maelfu ya dola. Mimi sishuki chini ya dola 100,000 za matibabu na 250,000 za usafirishaji, na nataka tiketi na malazi ya mtu mmoja wa kubaki na mgonjwa yawemo. SHA, bima ya afya ya serikali ya Kenya, usiitegemee kwa bili ya meli.

Uamuzi wa kukusafirisha hufanywa na daktari wa kampuni ya bima, kwa hiyo namba yao ya dharura ya saa 24 ipigwe kabla ya kulazwa. Simu ya setilaiti ya meli ni ghali, na laini yako ya Kenya ikinasa mtandao wa baharini salio linayeyuka. Zima data, nunua intaneti ya meli, uwapate kwa WhatsApp. Hakikisha mapema kwamba namba yao inapokea WhatsApp. Ya kwangu ilipokea.

Kasoro niliyoiona: bima inaanza kuhesabu unapoondoka Kenya. Ndege ya Kisumu kwenda JKIA, uwanja wa ndege wa Nairobi, ikichelewa ukakosa ya kimataifa, hasara ni yako. Hata huko mbele, ucheleweshaji unalipwa baada ya saa kadhaa kupita, kwa kawaida 6 au 12, na meli haikungoji. Fika mji wa bandari siku moja kabla. Kwa hilo nawapa 4 kati ya 5.

Wanaopanda meli Durban hawaulizwi bima na afisa wa viza, kwa kuwa tangu Januari 2023 Mkenya anaingia Afrika Kusini bila viza hadi siku 90, na wengi huenda mikono mitupu. Kwa pwani ile na Msumbiji, mpango wa Afrika, ulio nafuu, unatosha, mradi wakuandikie kwamba daktari wa meli analipwa. Cheti cha homa ya manjano kinakubalika siku 10 baada ya chanjo. Ukizuiwa kusafiri kwa kukikosa, hakuna bima inayorudisha nauli.

Kabla ya kutuma pesa, tafuta jina la kampuni na la ajenti kwenye orodha ya IRA, mamlaka inayosimamia bima Kenya. Na muda wa kuwasilisha madai uangalie siku ileile ya kununua: wa kwangu ni siku 30 tangu kurudi, na pasipoti yenye mihuri inatakiwa kwenye faili.