Urojo wa Mabibo: mtu wa Moshi nimenyoosha mikono

Jamani nyie wa hosteli za Mabibo mnaolia chipsi mayai kila siku, kuna mama anauza urojo jioni pembeni ya barabara, meza mbili na mabenchi, hata bango hana. Mimi nimekulia mtori, ile supu nzito ya ndizi za kupondwa, na ndizi nyama, urojo nilikuwa nauona kwenye picha najiuliza huu uji wa njano watu wanaufatia nini. Kanipeleka rumeti wangu, mtoto wa Unguja, ambae semesta ya kwanza wiki tatu nzima ilikuwa salamu tu basi. Yeye saa 11 alfajiri kashaamka anaswali, mimi saa hizo ndo usingizi umenoga maana nimerudi saa 7 usiku, muziki wangu unamkera, udi wake unanipa mafua, yani kila mtu anatafuta kimya kimya wa kubadilishana nae chumba. Siku hiyo bumu, hela yetu ya mkopo, limechelewa nimelala na maji tu, akasimama mlangoni, "shoga vaa viatu twende."

Sasa urojo wenyewe. Mchuzi una uzito wake, uchachu wa embe mbichi unausikia kabisa sio ndimu ya kukamulia juu juu, ndani viazi, bajia, kachori na yai, juu chatne ya nazi na chipsi za muhogo za kuvunjikavunjika. Bakuli 2,000, mishkaki 500 mmoja, na mi bila mishkaki hatuelewani.

Rumeti ndo mkaguzi wangu. Chumbani hasemi kitu, ila siku mchuzi umezidi unga nikamsikia, "shikamoo bi mkubwa, leo umetupikia gundi?" Nikatamani niingie chini ya meza, mama akacheka mpaka akakaa, tukaongezewa bajia mbili.

Lawama zangu ni foleni baada ya magharibi, na ukifungiwa chipsi za muhogo zinalowa njiani, mwambie aziweke pembeni. Pilipili omba kidogo! Mara ya kwanza nililia machozi rumeti akawa ananipepea na kitini cha somo la DS (Development Studies).

Mwaka wa pili tumeomba chumba kimoja. Nami nikamlipa kwa mtori, kaonja kijiko akaniuliza mtoto mwenyewe anaelishwa yuko wapi, ila bakuli lilirudi jeupe.

Nyota nne. Wahini kabla ya saa 1, na Ijumaa msijisumbue, hauzi.