Uzoefu wangu: kupandikizwa seli shina kwa ajili ya MS, nikiwa mkazi wa Dodoma

Nianze na hela, maana ndilo swali la kwanza la kila anayenipigia. Ukijumlisha matibabu, nauli, viza, nyumba ya kupanga karibu na hospitali na matumizi ya dada aliyenisindikiza, ilifika milioni tisini na ushee. Kiwanja chetu cha Iyumbu kikaondoka, kikoba cha ofisini kikanikopesha, na ndugu wa Kondoa wakachanga kuliko nilivyotegemea. Bima haikutoa hata shilingi. Hospitali yenyewe iko India.

Kwa msiofahamu, MS, yaani maltipo sklerosisi, ni pale kinga ya mwili inapogeuka na kushambulia utando unaofunika mishipa ya fahamu kwenye ubongo na uti wa mgongo. Kwetu huku ni nadra, ndiyo maana unazungushwa. Mimi lilianza jicho la kushoto, likauma na kuingia ukungu, kisha ganzi kuanzia kiunoni kushuka. Niliambiwa kiharusi, nikaambiwa presha, na shangazi akawa na hakika kuna mtu kanitupia kitu. Jibu lilikuja baada ya MRI, yaani picha za ubongo na uti wa mgongo, na kutolewa maji ya uti wa mgongo, pamoja na kipimo cha damu cha kuondoa shaka ya neuromielaitisi optika. Hicho kipimo cha mwisho msikubali kirukwe. Ugonjwa huo unafanana sana na MS, lakini baadhi ya dawa za MS zinauchochea uwe mbaya zaidi.

Nilikuwa natumia interferoni, sindano za kupunguza mashambulizi ya MS, zinazotakiwa kukaa kwenye friji. Umeme ukikatika mchana wa Oktoba, kazi ya kwanza ni kutafuta barafu. Na Oktoba na Novemba ya Dodoma, kabla mvua hazijaanza, mwenye MS anaijua: mwili ukipata joto, dalili za zamani zinaamka zote. Kutoka kituo cha daladala Mtumba hadi ofisini mguu wa kulia unaanza kuburuza na jicho linafifia. Nikikaa chini ya feni na kitambaa cha maji baridi shingoni, baada ya muda narudi sawa. Kuna wenzangu kazini waliodhani naigiza ili nisipangiwe safari. Hilo ni joto tu, halileti kidonda kipya. Mashambulizi ya kweli yalikuja tofauti, yanakaa wiki kadhaa, na kila MRI ilionyesha madoa mapya. Daktari akasema interferoni imeshindwa, akaniwekea njia mbili mezani: rituximab, dawa ya dripu inayopunguza aina moja ya chembe za kinga, au kupandikizwa seli shina zangu mwenyewe, yaani seli mama zinazozaa chembe za damu na kinga.

Hapo ndipo dalali alipoingia. Sijui namba yangu aliipata wapi. Akanitumia WhatsApp kipeperushi cha kliniki moja ya nje: seli za kitovu cha mtoto mchanga, bila kemo (zile dawa kali za saratani), bila kulazwa, wiki moja tu unarudi kazini. Nikamuuliza inatibu nini kingine. Akanijibu kwa kujiamini kabisa: kisukari, tawahudi, magoti, na nguvu za kiume. Jamani. Nilimpelekea daktari wangu kile kipeperushi, akanieleza kwa utulivu kwamba aina nyingine ya seli zinazonadiwa hivyo, zile za mesenkaima, zilipimwa kwa wagonjwa 144 wa MS katika utafiti uliochapishwa 2021, na madoa kwenye MRI hayakupungua ukilinganisha na waliopewa maji matupu. Huko Florida kuna wanawake 3 waliodungwa machoni seli zilizotolewa kwenye mafuta ya miili yao wenyewe, kwenye kliniki ya kibiashara. Uoni wao ukaharibika vibaya, na kisa chao kilichapishwa 2017.

Tofauti ambayo dalali hataki uielewe ni hii: kwenye upandikizaji wa kweli, kinachotibu MS ni kemo. Seli shina haziendi kwenye ubongo kuziba mashimo. Zinatolewa kwako na kugandishwa, halafu unapewa kemo kali ya kufuta ile kinga iliyopotoka, kisha unarudishiwa seli zako ili damu isikae muda mrefu bila ulinzi na kinga mpya ianze kujengwa. Anayekuuzia "seli shina bila kemo" anakuuzia kitu kingine kabisa, chenye jina lilelile.

Kilichonishawishi ni takwimu, na daktari alinipa zote, tamu na chungu. Utafiti ulioongozwa kutoka Chicago, uliochapishwa 2019, uliwagawa wagonjwa 110 makundi mawili. Ulemavu uliongezeka kwa watu 3 kati ya waliopandikizwa, na kwa 34 kati ya waliobaki kwenye dawa. Lakini dawa kali zaidi za kisasa, kama ocrelizumab, hazikuruhusiwa kwenye lile kundi la pili, kwa hiyo mashindano hayakuwa sawa kabisa. Na kule Kanada, katika utafiti wa wagonjwa 24 uliochapishwa 2016, waliopona salama hawakupata shambulio jipya, ila mmoja alikufa kwa matibabu yenyewe. Mume wangu alipoisikia hiyo alinyamaza mpaka tulipofika nyumbani Kisasa, kisha akasema, "Mama Neema, huyo mmoja naye alikuwa na watu wake."

Tulikwenda.

Sindano za kuzisukuma seli zitoke kwenye uloto, ndani ya mifupa, ziingie kwenye damu ziliniletea maumivu ya mifupa, kiuno na nyonga, ambayo sikuwa nimeyapata hata leba. Kuvuna seli ni rahisi: damu inatoka kwa mrija, inapita kwenye mashine, inarudi. Kisha kemo. Unapewa vipande vya barafu uvinyonye wakati dawa fulani inaingia ili mdomo usitoke vidonda. Mimi nilinyonya kwa uaminifu na vidonda vilitoka hata hivyo, vichache. Siku ya kurudishiwa seli niliitegemea iwe kubwa. Ni mfuko mdogo mwekundu, dakika chache, umekwisha. Ila harufu! Ile dawa ya kuzihifadhia seli kwenye barafu inatokea kwenye pumzi na ngozi, na chumba kizima kilinuka kama mtu aliyemenya gunia la vitunguu saumu. Dada alifungua dirisha, muuguzi akalifunga haraka, maana hapo sina kinga na hewa ya nje ni hatari.

Homa zilinipata, nywele ziliondoka, na kuna siku chembe nyeupe zilikuwa karibu na sifuri, daktari akisimama mlangoni kwa sekunde tu. Wauguzi wa pale nawapa alama zote. Idara ya fedha ya hospitali hiyo siipi: bili ya antibayotiki za ziada ilikuja bila maelezo, na tulibishana hadi siku ya kuondoka.

Wanawake, lisikilizeni hili kabla ya kusaini. Kemo hii inaweza kukukausha mayai. Hedhi yangu ilikatika na haijarudi. Mimi nina watoto wangu. Binti ambaye hajazaa aulize kuhusu kugandisha mayai mapema, kabla ya dawa ya kwanza.

Kurudi Dodoma kulikuwa na mtihani wake. Kiangazi, vumbi la Nkuhungu na Nzuguni linapeperuka, na mila yetu ni kwamba mgonjwa akirudi watu waje. Mama mkwe aliona aibu kuwazuia wageni. Tukakubaliana wakae barazani, mimi nisalimie dirishani nimevaa barakoa. Kachumbari marufuku, maziwa ya kuchachuka marufuku, na zabibu, msimu ukiwa umekolea na kilo ikiuzwa kila kona, nazo nilizuiwa mpaka kinga iliporudi. Chanjo za utotoni zilifutika pamoja na kinga ya zamani, ikabidi nizirudie. Nilikaa kwenye benchi la kliniki ya watoto, kila mama ana mtoto mapajani isipokuwa mimi. Chanjo zenye kirusi hai, kama ya surua, zinasubiri miaka 2.

Matokeo: tangu nirudi sijapata shambulio, na MRI zilizofuata hazina doa jipya. Uchovu ule wa kuamka umechoka umepungua sana, ingawa ilichukua zaidi ya mwaka. Ganzi ya nyayo ipo palepale. Kibofu bado kinanikimbiza. Oktoba mguu bado unaburuza nikitembea juani. Kilichokwisha kuharibika hakikurudi, na hakuna daktari aliyeniahidi kwamba kingerudi.

Natoa nyota nne kwa matibabu. Kwa nani? Mwenye MS ya mashambulizi, bado anatembea, hajakaa nayo miaka mingi, na MRI inaonyesha ugonjwa unawaka huku dawa zimeshindwa. Mzee mmoja wa Kongwa aliniuliza kwa ajili ya mwanawe aliyeko kwenye kiti cha magurudumu kwa muda mrefu, anayezorota polepole bila mashambulizi. Nilimwambia asiuze ng'ombe. Na hata yule anayefaa, angekuwa ndugu yangu wa damu, na hajawahi kujaribu rituximab, ningemwambia aanze nayo. WHO iliiingiza kwenye orodha ya dawa muhimu kwa ajili ya MS mwaka 2023, na haikufuti kinga yote. Mimi nilikwepa kwa sababu ya kuinunua kila miezi sita maisha yote, nikiogopa siku itakayokosekana.

Mnaouliza kwa nini sikwenda Hospitali ya Benjamin Mkapa hapahapa Dodoma: pale wanapandikiza uloto kwa watoto wenye selimundu tangu 2023, kwa uloto wa ndugu, na Muhimbili walianza upandikizaji 2021 kwa wagonjwa wa saratani ya damu. Mimi daktari wangu alinielekeza nje, kwa timu iliyokwisha kuwapandikiza wagonjwa wa MS.

Jina la hospitali nitampa faraghani yeyote mwenye barua ya daktari bingwa wa mishipa ya fahamu na CD ya MRI, siyo karatasi ya majibu peke yake. Picha zenyewe ndizo watakazoziomba kwanza.