Mto wa mwinuko kwa mtoto njiti: nyota mbili, zote za foronya

Mito ya sponji yenye mwinuko inayouzwa Kampala kwenye maduka ya vitu vya watoto huja na ahadi mbili: mtoto ataacha kucheua, na usiku atapumua vizuri. Foronya yake ina zipu, inafulika, na chini yake kuna kitambaa kisichopitisha maziwa. Hapo hatuna ugomvi. Ugomvi uko kwenye mwinuko wenyewe.

Nenda dukani na rula. Pima kitako cha mto, kisha kimo cha upande wa juu. Kitako cha sm 40 na kimo cha sm 15 ni kama digrii 20. Mwaka 2022 Marekani ilipiga marufuku vilalio vya watoto wachanga vinavyozidi digrii 10, na kwa kitako hicho hicho digrii 10 ni kimo cha sm 7 tu.

Sababu iko kwenye umbo la njiti. Kichwa ni kizito, kisogo kimechomoza, shingo haina nguvu. Ukimlaza kwenye mteremko, makalio huteleza taratibu, mwili hujikunja kiunoni, na kidevu huja kukaa kifuani. Njia ya hewa yake ni nyembamba na laini; ikikunjwa, hewa haipiti. Tumbo nalo limebanwa, basi maziwa yanapanda kuliko angelala bapa. Mkanda wa kubandika unaouzwa pamoja na mto hushika kiuno, hauinui kidevu.

Ahadi ya pili ina kosa kubwa zaidi. Njiti hucheua kwa sababu mlango wa juu wa tumbo unalegea-legea; husita kupumua kwa sababu ubongo bado haujakomaa kuongoza pumzi. Mambo haya mawili humkuta mtoto mmoja, lakini mara nyingi la kwanza silo linaloleta la pili. Ndiyo maana wodini kusita huko hutibiwa kwa kafeini, si kwa dawa ya asidi. Dawa za kupunguza asidi zimehusishwa kwa njiti na maambukizi na ugonjwa hatari wa utumbo, kwa hiyo usizinunue famasi kwa ushauri wa jirani. Kuongeza unga kwenye maziwa ili yawe mazito, usithubutu.

Kinachosaidia hakiuzwi dukani. Mtoto wa kilo 1.8 aliyepangiwa ml 150 kwa kila kilo anahitaji ml 270 kwa siku. Ukigawa mara 8 ni ml 34 kila saa 3. Mara 12 ni kama ml 22 kila saa 2, na tumbo halijai pomoni. (Kiasi cha mtoto wako kipangwe na muuguzi wake.) Akimaliza, mweke wima kifuani, ngozi kwa ngozi, dakika 20 hadi 30. Kichwa kigeukie upande, kidevu kiinuke kidogo, na ukingo wa juu wa leso uliyomfungia kifuani uishie chini ya sikio. Ukiushusha mpaka mabegani, kichwa kitaanguka. Akirudi kitandani, alale chali, godoro gumu na bapa, bila mto wowote.

Njiti kusita sekunde 5 hadi 10 kisha kupumua haraka-haraka ni kawaida. Zikifika 20, au zikiwa pungufu lakini midomo na ulimi vimebadilika rangi, sugua nyayo au mgongo na umwahishe hospitali, hata akizinduka. Matapishi ya kijani au yenye damu pia si ya kusubiri kupambazuke.

Na kama mto umeshanunuliwa? Mama anayelala na mtoto kifuani kwa mtindo wa kangaruu anatakiwa aegemee kama digrii 15. Ule mkubwa wa sm 60 wenye kimo cha sm 16 unampa hizo hasa. Utie chini ya mgongo wa mama.