Kipimo kizuri, pazia fupi: uchunguzi wa mlango wa kizazi katika kituo cha afya cha mtaani kwetu

Nilikuwa nimeahirisha kipimo hiki kwa miaka mitatu, si kwa sababu ya fedha, kwani hapa hutolewa bila malipo, bali kwa kuogopa jina langu kuitwa kwenye korido mbele ya majirani. Aliyenishawishi ni muuguzi wa kliniki ya watoto ambaye, akiwa anampima mwanangu uzito, alinieleza kwa utulivu kwamba saratani ya mlango wa kizazi husababishwa na virusi vya HPV na huchukua miaka mingi kukomaa, hivyo mabadiliko ya awali yakigunduliwa mapema hutibiwa kabla hayajageuka saratani.

Kipimo chenyewe ni chepesi kuliko hadithi zake. Mhudumu, mama wa makamo, alinionyesha kwanza chombo cha kupanulia njia, akaniacha nikishike, kisha akapaka siki iliyozimuliwa, akasubiri kama dakika moja kuona iwapo patatokea weupe, ambao huashiria mabadiliko hayo ya awali, na majibu akanipa palepale.

Lawama yangu ni pazia. Halikufika mwisho wa kitanda, na mara mbili mlango ulifunguliwa na watu waliokuwa wakitafuta faili. Mama mmoja tuliyekaa naye benchi alipoona hivyo alijifunga khanga yake vizuri akaondoka bila kupimwa. Tena huduma hutolewa asubuhi tu, saa ambazo mama lishe yuko jikoni. Binafsi nitarudi, na safari hii nitakwenda na wifi yangu, ambaye ametimiza miaka 30.