TAHADHARI Lamu na Malindi: “nakshi za mkono” kwenye vifuniko vya laptopu ni stika, na mashine zinarudi zimenyofolewa vitu

Assalamu alaykum ndugu zangu wa Amu, Shela, Mokowe hadi Malindi. Kuna mtu anajitangaza mtandaoni kuwa mchonga nakshi wa Lamu. Anasema ukimtumia arubuni ya nusu bei atakuchongea kifuniko cha laptopu kwa mkono: mayungiyungi, minyororo, hata jina lako kwa hati ya Kiarabu. Msimpe pesa, na kubwa kuliko pesa, msimpe mashine. Mimi ni fundi wa kompyuta hapa Amu, yaani mji wa Lamu, na wateja wake wanaishia mezani kwangu. Wengi ni wanafunzi wa chuo, na wapo walimu ambao laptopu ndiyo kazi yao yote.

Wanachorudishiwa ni plastiki nyembamba iliyochapishwa picha ya mbao. Stika kuuzwa kama stika si kosa, na bei yake inajulikana. Huyu anaiuza kwa bei ya patasi na jasho. Tazameni picha anazotuma: laptopu mbili tofauti, lakini jicho la mbao liko pale pale na ua limepinda upande ule ule. Mkono wa binadamu hauchongi hivyo. Sogeza kamera ya simu karibu kabisa utaona vitone vidogo vya rangi, alama ya uchapishaji. Pitisha ukucha: nakshi ina shimo na ukingo, stika ni tambarare.

Laiti ingeishia kwenye stika. Ili ishike vizuri, anasugua kifuniko kwa msasa na kukifuta kwa asetoni. Kwenye laptopu za alumini, rangi unayoiona ni tabaka jembamba mno lililotiwa kiwandani. Msasa ukilila, halirudi, na hakuna fundi wa Lamu wala Mombasa atakayekurudishia. Kwenye laptopu za plastiki, asetoni inayeyusha plastiki yenyewe, kifuniko kinakuwa na mabaka meupe na baadaye nyufa. Kisha anailainisha stika kwa bloa ya hewa moto. Nyuma ya kifuniko kuna skrini, karibu kabisa, na haipendi moto wala kukandamizwa. Nimepokea skrini zenye doa jeusi linalotambaa kutoka kona moja, na mwenye mashine akaambiwa “ilikuwa hivyo ulipoileta”.

Dada mmoja, mwalimu, alitaka maua ya dhahabu. Akapuliziwa rangi yenye chembechembe za chuma kifuniko kizima. Tangu siku hiyo Wi-Fi haikamati mpaka akae karibu kabisa na ruta. Laptopu nyingi zenye kifuniko cha plastiki zina antena za Wi-Fi humo humo, pembezoni mwa skrini, na chuma huzuia mawimbi. Alikuwa amenunua kadi mpya ya Wi-Fi akidhani ile ya zamani imekufa. Niliumia kumwambia kwamba tatizo ni rangi aliyoilipia.

Na sasa wizi wenyewe. Anachukua mashine kwa siku kadhaa, anataka na neno la siri “ajaribu skrini”. Laptopu nyingi tunazotumia huku ni zile zilizotumika Uingereza, zikapitia Mombasa: ThinkPad, Latitude, EliteBook. Ni mashine imara, na nyingi zinafunguka kwa skrubu, RAM (kumbukumbu ya kufanyia kazi) na diski ya kuhifadhi mafaili zinachomoka kwa dakika chache. Mashine iliyokwenda na RAM ya GB 16 inarudi na 4. Iliyokwenda na diski ya SSD, ile ya kasi isiyozunguka, inarudi na diski ya zamani ya kuzunguka, na mwenyewe anadhani laptopu imechoka. Hakuna nakshi duniani inayohitaji kufungua tumbo la mashine, na hakuna inayohitaji neno lako la siri. Ukiambiwa hivyo na mtu yeyote, chukua mashine yako uondoke.

Linalonichoma zaidi ni jina analolitumia. Mji huu uliingia orodha ya urithi wa dunia ya UNESCO mwaka 2001, na milango yake ya nakshi ni sehemu ya sifa hiyo. Wachongaji wetu wanakaa barazani, milango wazi, vumbi la mbao mpaka kwenye nyusi. Unaweza kuketi ukatazama patasi inavyokwenda, na hakuna atakayekufukuza. Huyu hana karakana. Ukimuuliza yuko wapi anasema leo yuko Matondoni, kesho yuko Malindi, keshokutwa boti imechelewa Mokowe. Halafu anaomba “hela ya vanishi” juu ya arubuni.

Anayetaka kazi ya kweli, inafanyika. Mwambie mchongaji achonge kipande chembamba cha mbao kikiwa mezani peke yake, mbali na laptopu, kisha kibandikwe kwenye kava ngumu ya plastiki inayovaliwa juu ya kifuniko na kuvuliwa. Kiwe chepesi, maana uzito unachosha bawaba, na kisizibe matundu ya hewa. Au chora mwenyewe kwa kalamu za rangi ya akriliki: zima mashine, futa kifuniko kwa spiriti kidogo kwenye kitambaa bila kumwagia, acha kikauke, chora kwa tabaka nyembamba. Kabla hujampa mtu yeyote mashine, nakili namba yake ya utambulisho (serial number) iliyo chini, piga picha ukurasa unaoonyesha RAM na diski, hamisha mafaili yako, na mwandikiane karatasi mnachokabidhiana.

Kwa ambao tayari wametuma pesa: msifute ujumbe wa M-Pesa wala mazungumzo yenu, hata kama mnaona aibu. Huduma ya 456 ya Safaricom ni ya kumrudishia pesa aliyekosea namba, kwa hiyo msiitegemee kwa mtu mliyekubaliana naye bei. Namba ya kuripoti utapeli ni 333. Nendeni polisi mkaandikishe na mdai namba ya OB (kitabu cha matukio cha polisi), kwa sababu bila hiyo kila mnapokwenda mtaambiwa ni maneno tu. Mahakama ya madai madogo inapokea madai ya hadi shilingi 1,000,000, na si lazima uwe na wakili.

Amebadilisha jina la ukurasa, ila picha ni zile zile: laptopu ya kijivu juu ya mkeka, kikombe cha kahawa pembeni, na ua lenye jani moja lililokatika upande wa kushoto. Ukiliona jani hilo, ndiye. Na ambaye mashine yake bado iko kwake, asiende kuidai peke yake wala usiku. Achukue mtu mzima wa kushuhudia, aiwashe hapo hapo na kukagua RAM na diski kabla ya kutoa shilingi nyingine. Asiyejua kukagua aniletee dukani nimtazamie, sitamtoza kitu.