Niliuliza hela itanifikiaje, nikafungwa mdomo: uzoefu wangu na kundi la biashara ya mtandaoni

Ninaandika nikiwa na hasira, na sioni sababu ya kuificha. Kodi ya fremu yangu ya vitenge Kariakoo ilinishinda, nikafunga, na shemeji akanielekeza kwenye kundi la WhatsApp linalofundisha kuuza bidhaa za watu kwa kamisheni. Ada nikalipa kwa Lipa Namba. Hapo hakukuwa na tatizo lolote, hela ilipokelewa papo hapo na nikakaribishwa kwa maneno matamu.

Masomo ya mwanzo ni mazuri, siwezi kusema uongo. Tulifundishwa tangazo lianze na shida ya mteja, siyo bei. Picha upige karibu na dirisha asubuhi. Mtu akikuandikia inboksi umjibu kabla hajapoa. Nilishaanza kumshawishi mdogo wangu naye ajiunge.

Tukafika kwenye kampuni za nje. Kocha, ambaye yuko Nairobi, akasema tufungue PayPal, akaunti ya malipo ya mtandaoni, kamisheni itaingia humo, kisha tuihamishie M-Pesa. Kwa Wakenya ni kweli, wanafanya hivyo tangu 2018. Sisi je? Akaunti ya PayPal ya Tanzania inalipa na kutuma, kupokea haipokei. Nikaandika mbele ya wote: "Samahani kocha, sisi wa Dar hela hiyo tutaipataje?"

Jibu lake likaja kwa ujumbe wa sauti. Kwamba mimi mama nina akili ya umaskini, natafuta vikwazo wakati wenzangu wanatafuta fursa. Akamaliza, akalifunga kundi, wakabaki kuandika maadmini peke yao. Watu wote wale wamesikia nikitukanwa, na nafasi ya kujibu sina! Nimesomesha watoto kwa kuuza vitenge. Mtu anayekula ada yangu hana ruhusa ya kunipima akili kwa sababu nimeuliza malipo yanafikaje.

Dada mmoja wa Mwanza akanifuata inboksi kunipa pole. Yeye ni wa siku nyingi humo, na kamisheni ya nje hajaiona hata mara moja. Anachopata ni asilimia kila akileta mtu mpya. Ndiyo maana kazi yetu ya kwanza kabisa ilikuwa kuweka linki ya kundi lenyewe kwenye statusi zetu! Sisi tulioishuhudia DECI, ule upatu wa kupanda na kuvuna hela, mwaka 2009 tunaijua biashara ambayo faida ya wa mbele ni ada ya anayefuata.

Lakini haki itendeke. Somo la matangazo limenisaidia kweli. Vitenge vilivyokuwa vimebaki ndani vinatoka kupitia statusi yangu, na hela inaingia kwenye simu bila kupita kwa mtu. Kwa hilo nilitaka kuwapa nyota tatu, hata nne. Kabla ya kuandika hapa nikaisikiliza tena ile sauti. Nawapa moja.

Anayetaka kuingia, kabla hajalipa aombe Mtanzania mmoja wa humo amwonyeshe ujumbe wa kamisheni ya bidhaa iliyoingia kwenye simu yake, siyo ya kuleta watu. Wakikasirika, asilipe.

Mimi nimeomba nirudishiwe ada. Tiki mbili za bluu zimeonekana, jibu hakuna. Naendelea kuidai.