Uzoefu wangu: kusoma misingi ya kalkulasi katika shule ya sekondari ya kanisa, mashariki mwa Uganda

Nilisoma hisabati ya kidato cha tano na cha sita katika shule ya bweni iliyoanzishwa na Kanisa la Uganda, na ninaandika haya kwa ajili ya wazazi na wanafunzi wa huku kwetu, Malaba, Busia na Tororo, wanaotafuta mahali pa kusomea mchepuo wenye hisabati. Sitaitaja shule kwa jina, kwa kuwa nina mazuri na mabaya ya kusema, na baadhi ya walimu wangu bado wapo pale. Kwa ujumla niliridhika sana, na sababu kubwa ni namna walivyotufundisha yale mambo yanayotangulia kalkulasi, ile hisabati ya kupima jinsi kitu kinavyobadilika.

Wanaofuata mtaala wa Marekani huwa na somo zima liitwalo prikalkulasi. Kwetu hakuna somo lenye jina hilo. Vipeo, logi, polinomia (semi kama x³ − 4x² + x + 6), trigonometria (hesabu za pembe), mifululizo, mistari na miduara kwenye grafu, vyote vimo ndani ya karatasi ya kwanza ya hisabati katika UACE, mtihani wa taifa wa kumaliza kidato cha sita, pamoja na kalkulasi yenyewe. Kwa hiyo ni shule, na hasa mwalimu, anayeamua misingi hiyo ipewe muda gani. Tena muda wenyewe ni mchache, kwa sababu wanafunzi wa kidato cha tano husubiri matokeo ya UCE, mtihani wa taifa wa kidato cha nne, na muhula wao wa kwanza huanza wakati madarasa mengine yameshazama katika kazi. Binamu yangu, aliyesoma shule nyingine, aliingizwa kwenye kalkulasi kabla hata hajazoea kufungua mabano yenye vipeo, na alilia nayo hadi kidato cha sita.

Mwalimu wetu, mama wa makamo ambaye sote tulimwita Madamu, alifanya kinyume. Muhula wa kwanza wote na sehemu nzuri ya muhula wa pili alibaki kwenye aljebra na trigonometria, ingawa baadhi ya wazazi walilalamika siku ya kutembelea wanafunzi kwamba tunachelewa. Mfano ninaoukumbuka vizuri ni theoremu ya baki. Katika vitabu vya marudio huandikwa kwa mstari mmoja: ukitaka kujua baki la kugawanya polinomia kwa x − a, weka a mahali pa x. Madamu hakuturuhusu kuutumia mstari huo hadi tulipokuwa tumegawanya polinomia kadhaa kwa mkono, kwa ile njia ndefu, kisha tukaandika kila polinomia upya kama kigawanyo mara jibu la mgawanyo, kujumlisha baki. Hapo ilionekana wazi kwamba x ikiwa sawa na a, sehemu ya kwanza yote inakuwa sifuri na kinachosalia ni baki peke yake. Baadaye tulipopewa x³ − 4x² + x + 6, tuliweka 2, tukapata sifuri, tukajua kwamba x − 2 inagawanya bila baki, na muda mfupi baadaye tulikuwa na vigawo vyote vitatu: x − 2, x − 3 na x + 1. Hatukukariri theoremu hiyo, na ndiyo sababu hadi leo sijaisahau.

Katika trigonometria alikuwa mkali zaidi. Alitupa mlinganyo sin 2x = cos x, tutafute majibu yote kati ya nyuzi 0 na 360. Karibu darasa zima lilibadilisha sin 2x kuwa 2 sin x cos x, likagawanya pande zote mbili kwa cos x, na kuleta majibu mawili, nyuzi 30 na nyuzi 150. Majibu ni manne. Nyuzi 90 na 270 hupotea pale mtu anapogawanya kwa cos x, kwa kuwa katika pembe hizo cos x ni sifuri, na hakuna kugawanya kwa sifuri. Alitumia kipindi kizima kutufundisha kuhamishia kila kitu upande mmoja na kutoa kigawo cha pamoja, na tangu siku hiyo hakumwekea mtu alama ya vyema kwenye mlinganyo wa namna hiyo mpaka aone cos x imebaki hai hadi mwisho. Ukali huo una maana katika mtihani, kwa sababu maelekezo ya karatasi yanataka kazi yote ionyeshwe waziwazi. Kikokotoo cha kisayansi kinaruhusiwa, pamoja na majedwali ya hisabati, lakini hakitakuandikia hatua.

Tulipofika kwenye kalkulasi, basi, haikuwa jambo geni. Tulichora mkunjo wa y = x² na kuchukua nukta ambapo x ni 3, na nyingine jirani yake ambapo x ni 3.1. Mteremko wa mstari unaoziunganisha ni 6.1. Ukiisogeza nukta ya pili hadi 3.01, mteremko ni 6.01, ukiisogeza hadi 3.001, ni 6.001. Kisha tuliweka herufi h mahali pa ile tofauti ndogo, tukafungua (x + h)², tukatoa x², tukagawanya kwa h, tukabaki na 2x + h. Kadiri h inavyokaribia sifuri, mteremko unakaribia 2x. Hatua hizo zote ni aljebra ya muhula wa kwanza, na mwanafunzi ambaye mkono wake umezoea aljebra hiyo huwa na nafasi ya kufikiria wazo lenyewe badala ya kuhangaika na mabano.

Kuhusu maisha ya kanisa shuleni, wengi huniuliza kama yanakula muda wa masomo. Kulikuwa na ibada fupi kila asubuhi kabla ya vipindi, ibada ndefu siku ya Jumapili, na mikutano ya Scripture Union, chama cha Kikristo cha kusoma Biblia, kwa waliotaka. Kwa upande wangu ratiba hiyo ilinisaidia. Prepu ya jioni, yaani muda wa kujisomea, ilikuwa na utulivu wa kweli, simu hazikuruhusiwa kabisa, na kasisi wa shule alikuwa na desturi ya kupita madarasani kuuliza hali za wanafunzi, hasa wakati wa mitihani ya majaribio, pale ambapo wengi hukata tamaa na hisabati. Wanafunzi Waislamu tulikuwa nao, na waliruhusiwa kwenda msikitini mjini siku ya Ijumaa, lakini ibada ya asubuhi ilimhusu kila mtu. Mzazi aulize jambo hilo mapema, maana shule za kanisa hazifanani.

Jambo jingine lililonifurahisha ni vikundi vya majadiliano. Darasani lugha ni Kiingereza na kinasimamiwa kwa ukali, ila Madamu alituachia tujadiliane kwa lugha yoyote tunayoelewana wakati wa prepu. Kikundi chetu kilikuwa na vijana wa mpakani, wawili waliokulia katika kambi za polisi na mmoja kutoka Kongo, kwa hiyo tulijadiliana kwa Kiswahili. Niliona watu waliokaa kimya mchana wakisimama ubaoni usiku na kueleza kupasua sehemu za aljebra kuwa sehemu ndogo ndogo kwa ufasaha mkubwa.

Sasa mabaya. Hisabati ndogo, ile ya lazima kwa wanafunzi wa sayansi na uchumi ambao hawakuchukua hisabati kama somo kuu, ilipuuzwa. Walikusanywa wote katika ukumbi mmoja mchana, baada ya chakula, chini ya mwalimu aliyekwisha kufundisha vipindi vingi siku hiyo, na wa nyuma hawakuona ubao. Kwa kuwa ukifaulu unapata pointi 1 tu, wakati A ya somo kuu ina pointi 6, shule iliiona kama mzigo. Hilo lilinisikitisha, kwa sababu nafasi ya chuo kikuu inaweza kutegemea pointi hiyo moja. Vitabu vya maktaba pia vilikuwa vichache na vimechakaa, hivyo tulitegemea maelezo ya Madamu na nakala tulizochangia kutoa fotokopi. Na ada ya semina za mwishoni mwa juma haikuelezwa tangu mwanzo; mama yangu aliisikia mara ya kwanza muhula ulipokuwa umeanza, na kwa mfanyabiashara mdogo wa mpakani hilo si jambo dogo.

Wakati wetu mtihani ulikuwa na karatasi mbili za saa 3 kila moja. Sehemu ya kwanza ya kila karatasi ilikuwa na maswali 8 ya lazima yenye alama 5 kila moja, na ya pili ilikuwa na maswali 8 ya alama 12, ambayo mtu huchagua 5. Yale maswali mafupi ya lazima katika karatasi ya kwanza ndipo misingi niliyoieleza ilipotulipa zaidi. Mwaka 2025 kidato cha tano kilianza mtaala uliorekebishwa, unaoendeleza ule wa umahiri ulioanzia kidato cha kwanza mwaka 2020, kwa hiyo anayeingia sasa aiulize shule yenyewe jinsi tathmini inavyofanyika.

Ukienda kuulizia nafasi, usiishie kwenye idadi ya A walizopata mwaka jana. Omba kuona daftari la hisabati la mwanafunzi wa kidato cha tano, lile la muhula wa kwanza, uangalie kama lina hatua na uthibitisho au majibu matupu. Uliza pia nani anafundisha hisabati ndogo, na katika chumba gani. Mdogo wangu wa kike anamaliza kidato cha nne mwaka huu. Anataka fizikia, kemia na hisabati, na mimi ndiye niliyemshauri mama ampeleke pale pale, mradi safari hii ada ya semina iulizwe kabla ya kulipa.